Mguu Uliowekwa Kabatini Kumngoja Mgeni Rasmi

Nyumbani kwa Dada,
Chumba cha uani, chenye dirisha lisilofungika.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Mjomba,

Pokea salamu kutoka kwetu sote, wakubwa kwa wadogo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua kimetulia na kile kikohozi cha vumbi la ngozi kimekuacha. Mkeo naye hajambo mgongo? Mwambie muuzaji wa ile dawa yake ya kusugua nimempata, nitamtumia chupa mbili. Na macho je? Bado unatunga uzi kwenye sindano bila miwani ili wateja wakuone kijana? Vaa miwani, Mjomba. Hakuna anayekuangalia.

Sisi hatujambo, ukiacha mafua ya watoto wa Dada, ambayo katika nyumba hii hayahesabiwi ugonjwa, ni wapangaji. Mama alikuja kututembelea, akaosha kila kitu kilichokuwa kisafi, akarudi kwake amechoka. Shemeji anaendelea kupaka rangi nyumba za watu, na ya kwake bado ina kuta za saruji tupu.

Afya yangu ni nzuri. Kinachonisumbua ni hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yako, utaifikia huko mbele. Kwenye simu siwezi kuyasema haya, maana salio huisha nikiwa bado kwenye utangulizi, na wewe ukisikia sauti yangu imepanda unaanza kunibembeleza. Kwa hiyo nimeamua kuandika, nawe utasoma mpaka mwisho bila kunikatiza.

Nianze na mkataba, ingawa unaujua, kwa sababu nikikuuliza utasema umesahau. Hospitali ilinipeleka miaka mitatu nikasomee kutengeneza miguu bandia, kwa masharti kwamba nikirudi nitaitumikia miaka sita. Nikiondoka kabla, nairudishia gharama zote kwa mkupuo, na nikishindwa, anabanwa mdhamini. Mdhamini ni wewe. Dhamana ni kibanda chako cha viatu pamoja na chumba unacholala nyuma yake. Siku ya kutia sahihi ulivaa koti la harusi yako, ukamwambia karani, "Mimi nawashonea watu viatu, huyu atawatengenezea miguu ya kuvalia." Karani alicheka mpaka akagonga muhuri juu chini.

Basi nimerudi, na huu ni mwaka wa pili. Unajua nimetengeneza miguu mingapi? Subiri nikueleze.

Hospitali ilinunua tanuri jipya. Hilo tanuri linalainisha bamba la plastiki hadi linalegea kama kitambaa kibichi, unalivika juu ya umbo la plasta lililochukuliwa kwenye kigutu cha mgonjwa, na likipoa unapata kikombe kinachomkaa mtu bila kumkwaruza. Ndiyo kazi niliyosomea. Tanuri lilifika kabla yangu. Liko kwenye chumba chake, limefunikwa turubai, na juu ya turubai limefungwa utepe mwekundu wenye fundo la ua. Haliguswi mpaka mgeni rasmi aje aukate.

Mara ya kwanza mgeni rasmi alikuwa na mafua. Mara ya pili alikubali, tukapaka ukuta rangi, kisha akahamishwa cheo, na barua za mwaliko zikaanza upya kwa aliyemrithi. Mrithi naye alipokubali, akauliza kama njia ya kuingilia hospitali ina lami. Haina. Kwa hiyo sasa tunangoja lami ili tumpate mgeni, ili utepe ukatwe, ili tuwashe tanuri. Wafagiaji wa wodi wametungiwa wimbo wa kumkaribisha, na wameufanyia mazoezi mpaka wagonjwa wameushika. Yule wa kitanda cha mlangoni anaimba sauti ya pili.

Na mimi, mtaalamu, kazi yangu ni kufuta vumbi juu ya turubai na kusimama kando yake na koti jeupe wageni wadogo wanapopita. Wageni wadogo hawaruhusiwi kukata utepe. Wanaruhusiwa kuutazama.

Fundi mwenzangu wa karakana ya zamani, tunayemwita Mzee Taratibu, anaendelea kuchonga miguu ya mbao kama alivyofundishwa ujana wake, mizito, unaweza kuegeshea mlango. Nilipomlilia habari za tanuri aliniambia, "Kitu kipya kina mwenyewe, binti. Wewe si unalipwa?" Nalipwa, ndiyo. Hata mlinzi wa makaburi analipwa.

Usidhani Mkurugenzi wa hospitali ni mtu mbaya. Mtu mbaya ningemwelewa haraka zaidi. Ni mpole, anauliza habari za Mama, na hofu yake anaieleza vizuri: mgeni akikuta mashine imeshatumika, atasema hawa wanajiweza, na fungu la mwaka kesho litapelekwa kwingine. Anasema aliliona hilo likitokea kwa jokofu la maabara. Kwa hiyo kila nikienda kwake nakwenda na moto, narudi na kikombe cha chai mkononi, na tanuri liko palepale.

Nina mahali pengine pa kwenda, ndiyo maana usingizi umepungua. Karakana moja ya mtu binafsi, mji mwingine, mwenyewe alikuwa mmoja wa waliotusimamia mtihani wa mwisho. Matanuri yake yanawaka kila siku. Aliniandikia kwamba nafasi yangu ipo mpaka mwisho wa mwezi huu, baada ya hapo atachukua mwingine. Hakusema lolote kuhusu kulipa mkataba wangu, nami sikumwuliza. Deni ni letu.

Basi nyumba hii ikageuka baraza la washauri. Mama akasema mvumilivu hula mbivu. Dada akamjibu hizo mbivu zilishaoza, mwache mtoto aondoke. Shemeji akasema nikae lakini nisifanye kazi kwa bidii, na nilipomkumbusha kwamba hakuna kazi ya kuifanyia bidii akasema basi nimeshaanza vizuri. Jirani, ambaye hakuulizwa, alisema angekuwa yeye angejifanya mgonjwa. Kila mtu alikuwa na neno, na hakuna aliyekuwa na kibanda cha kupoteza.

Sasa nikuambie habari za Mama Pacha. Ni mpishi wa shule, mama wa watoto pacha, mwenye ulimi mkali kuliko wangu. Alipoteza mguu chini ya goti kwa ajali ya lori, akapewa mguu wa mbao wa Mzee Taratibu. Kila Jumatatu alikuja kliniki, na kila Jumatatu alichungulia chumba cha tanuri akauliza, "Bibi harusi hajambo? Bado hajaolewa?" Tulicheka sana, yeye na mimi.

Jumatatu moja hakuuliza. Alikaa kwenye benchi akavua mguu, na soksi ya kigutu ilikuwa imegandana na kidonda. Daktari alitazama, akaniita pembeni, akasema mambo yakiendelea hivi watakata tena, safari hii juu ya goti. Alimfunga na kumkataza kuvaa ule mguu. Ikapita miezi ya magongo, jikoni akapikiwa na wenzake, pacha wakafuliwa na bibi yao. Kidonda kilipokauka nikachukua umbo la plasta. Kisha nikachukua mkasi wa bandeji, nikaingia chumba cha tanuri, nikaukata utepe. Hakuna aliyepiga makofi. Nilikunja turubai, nikawasha.

Mjomba, laiti ungemwona. Alisimama kati ya vyuma vya kujishikia, akahamisha uzito, akanitazama kana kwamba nimemwibia kitu. "Mbona hakuna kitu?" akasema. Alikuwa anayatafuta maumivu. Akatembea mpaka mlangoni, akarudi. Akaenda tena, akarudi. Mara ya tatu hakurudi, nikamkuta langoni anagombana na mlinzi aliyemzuia kutoka bila karatasi. Siku hiyo nilijua kwa nini nilisoma, na nililia chooni kama mtoto.

Nikaitwa kwa Mkurugenzi. Hakuniuliza habari za mgonjwa, aliniuliza habari za utepe. Nikapewa onyo kwa maandishi. Wakafunga utepe mwingine, mpana zaidi, na mlango ukapata kufuli. Nikasema haya, yote maisha.

Kisha likaja lile lililonimaliza. Kamati ya maandalizi ya sherehe ilikaa, ikaona kwamba mguu wa kwanza kutoka kwenye tanuri haufai kutolewa kimyakimya. Mgeni rasmi ndiye aukabidhi, mbele ya watu, picha zipigwe. Wakampigia Mama Pacha simu. Akadhani anaitwa kwa uchunguzi, akaja amependeza, amevaa kiatu kipya. Wakamvua mguu, Mjomba. Wakaufuta, wakauweka kwenye kabati la vioo pale mapokezi pamoja na kiatu chake, na kadi yenye jina la hospitali. Yeye wakampa magongo.

Mimi nilikuwa nimetumwa kununua plasta. Niliporudi niliuona mguu kabla sijamwona mtu yeyote. Nikamwuliza katibu wa Mkurugenzi mwenye mguu yuko wapi. "Amerudi nyumbani," akasema. "Atapewa siku ya sherehe. Tumemwambia ashukuru, ni bahati kukabidhiwa na mkubwa."

Nikaandika barua ya kuacha kazi siku ileile. Ndipo nikakupigia simu.

Na hapa, Mjomba, ndipo tunapofika kwako. Nilikupigia unikemee. Nilitaka uniambie, wewe mtoto, una wazimu, unataka kuniweka barabarani uzeeni? Ungesema hivyo ningekasirika, ningelia, ningekaa. Wewe ukasema, "Vunja, mwanangu. Kibanda ni mbao na mabati tu. Viatu hata chini ya ukuta wa mtu vinashonwa." Kisha ukaniuliza kama nimekula. Nilikata simu nikaitupa kitandani. Ungekuwa mkorofi ningeshaondoka zamani, na moyo mweupe. Wema wako umenibana kuliko mkataba.

Kama hiyo haitoshi, siku ya nne yake mkeo akampigia Dada. Alinong'ona, maana ulikuwa karibu. Eti umeuza kalibu. Zile kalibu za mbao za kuundia viatu, za baba yako, zilizoandikwa kwa kalamu ya moto ukubwa wa miguu ya nusu ya watu wa pale. Umemwuzia yule kijana wa duka la viatu vya mitumba anayetaka kuzipanga dirishani kama mapambo. Eti unaanza kupunguza mzigo mapema, ili siku ya kuhamishwa isikukute na vitu vingi.

Nani alikutuma? Nilisema nimevunja? Nilisema nafikiria! Mtu hawezi kufikiria katika familia hii, akianza tu kukuna kichwa, wewe umeshauza kitanda. Mimi sijatoa uamuzi, barua yangu iko ndani ya mkoba, na wewe huko umeshapoteza, umeshasamehe, umeshauliza kama nimekula. Sijawahi kukukasirikia hivyo tangu nizaliwe. Dada alininyang'anya simu nisikupigie.

Kesho yake niliingia ofisini kwa Mkurugenzi bila kubisha hodi. Mkoba begani, barua ndani. Nilikuwa nimeamua nitakachosema, kisha nikaanza na kingine kabisa.

"Naomba ufunguo wa kabati."

"Kabati lipi, dada yangu?"

"Lenye mguu wa mtu."

Akanieleza habari za kamati. Akanieleza habari za jokofu la maabara. Akaniagizia chai. Nikamwambia chai sinywi, na kwamba ama nipewe ufunguo, ama anifukuze pale pale, nami nitatoka na mguu huo kwa vyovyote, hata kwa kuvunja kioo. Alivua miwani akajifuta uso.

"Nikikufukuza wewe," akasema, na hakuwa ananitisha, alikuwa kama mtu anayejisemea, "hilo tanuri nani ataliwasha siku mgeni akija?"

Akavaa miwani tena. Hilo, Mjomba, nilikuwa sijawahi kulifikiria. Mwaka mzima na zaidi nimeutazama mkataba kama kamba iliyofungwa kiunoni mwangu, na kumbe ncha ya pili wameishika wao na hawawezi kuiachia. Walinigharamia miaka mitatu, hawana mwingine, na hawana cha kumsomesha mwingine. Mimi nikiondoka, wamebaki na turubai. Kumbe Mkurugenzi naye alikuwa ananiogopa, na hakuna aliyeniambia.

Nikaketi. Nikamwambia basi chai ije. Tukazungumza kwa mara ya kwanza kama watu wanaodaiana. Kufuli litoke. Wagonjwa wenye vidonda wasingoje mtu. Mgeni akija, atakabidhi mguu atakaoukuta umekamilika siku hiyo, na itakuwepo mingi ya kuchagua. Utepe waufunge wanavyotaka, nilimwambia waufunge mlangoni, nitapita chini yake. Alibisha habari za fungu la mwaka kesho, nikamwuliza ni mgeni gani atakayetoa fungu kwa tanuri ambalo halijawahi kumsimamisha mtu. Hakukubali yote. Kuhusu onyo alisema litabaki kwenye faili, maana limeshagongwa muhuri. Libaki. Ufunguo alinipa.

Mguu niliupeleka mwenyewe, ndani ya mfuko wa unga, kwa sababu sikupata mfuko mwingine unaoutosha. Mama Pacha alikuwa amekaa kwenye kigoda anakuna nazi, magongo yameegeshwa ukutani. Aliutazama mfuko, akanitazama mimi, akasema, "Mgeni rasmi ni wewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi hotuba iwe fupi." Alivaa, akanyanyuka, akaenda kufua nguo za pacha. Hakunishukuru, na ningeudhika kama angenishukuru. Mguu ulikuwa wake.

Sasa uamuzi, maana najua umeruka kurasa kuutafuta. Nakaa. Yule mwenye karakana nimeshamwandikia kwamba asiningoje, na barua imeshaondoka, usijisumbue kunipigia. Nimeipeleka posta mwenyewe ili nisipate nafasi ya kugeuka. Niliumia kuiachia pale dirishani, sitakuficha, nilisimama nikitazama mkono wa karani mpaka mtu wa nyuma yangu akaguna. Matanuri yanayowaka kila siku, Mjomba, na wenzangu wa kuulizana nao kazi. Hayo nimeyaacha. Nakaa miaka yangu yote sita, na siku ya mwisho ikiisha nitaondoka kabla chai ya saa nne haijaiva.

Sikai kwa kuwapenda. Nakaa kwa ajili ya wale waliopanga foleni sasa, maana habari za Mama Pacha zimeenea. Na nakaa kwa sababu mimi siwezi kumvalisha mtu mguu kokote, huku wewe nyumbani unashonea viatu chini ya ukuta wa mtu. Lakini elewa jambo moja. Ungenikataza, ningekuwa na wa kumlaumu miaka yote hii inayokuja, kila turubai linaporudi, kila mgeni anapoahirisha. Sasa nimeamua mwenyewe na sina hata mmoja. Hilo umenifanyia wewe, na bado nimekasirika.

Kwa hiyo fanya hivi, na usibishane. Funga barua hii, vaa koti, nenda kwa yule kijana wa mitumba kabla hajazipaka kalibu rangi, uzichukue. Akikataa, mwambie una mpwa anayekuja likizo na hana subira. Kibanda hakiendi popote. Wewe huendi popote.

Nisalimie mkeo, na umwambie anong'one tena wakati wowote, simu iko wazi. Nisalimie mama mdogo na watoto wake, binamu dereva na mchumba wake asiyeisha, na jirani yako kinyozi, mwambie bado namdai kwa kunyoa kichwa cha mdoli wangu. Dada, Shemeji na watoto wote wanakusalimu, na Mama anasema alijua tangu mwanzo kwamba ningekaa, jambo ambalo si kweli.

Mungu akulinde, Mjomba, akupe umri mrefu na kifua kikavu, na akutie ukali kidogo moyoni, hata wa kumkatalia mtu mmoja tu, kabla hujaigawa nyumba yote kwa wanaokupenda.

Mpwa wako akupendaye, na ambaye amekula, yule uliyempachika jina kwa ubishi wake,

Wakili